Kwa Boti kutoka Smiths Falls hadi Jones Falls: Mwongozo wa Mfereji wa Rideau kwa Nahodha wa Mara ya Kwanza

Kila kiangazi swali ni lile lile. Wageni wanaopita kwetu Ottawa huenda kusimama chini ya majengo ya Bunge, huona boti zikipanda kilima ngazi kwa ngazi ndani ya vyumba vya mawe, kisha hurudi nyumbani na kuniuliza: hivi na sisi tunaweza? Mnaweza. Si lazima uwe nahodha wala umiliki boti. Unahitaji wiki moja, watu wanne wasiogombana haraka, na ujue kushika kamba. Hilo la kamba nitalirudia mpaka mnichoke.

Kwanza ujue unaingia wapi. Mfereji wa Rideau una urefu wa kilomita 202, kutoka Ottawa hadi Kingston kwenye Ziwa Ontario, katika jimbo la Ontario, Kanada. Ulijengwa kati ya 1826 na 1832 chini ya Luteni Kanali John By wa jeshi la Uingereza. Vita vya 1812 dhidi ya Marekani vilikuwa vimewaonyesha Waingereza kwamba njia yao ya Mto St. Lawrence inapita kando ya mpaka wa adui. Wakataka njia ya nyuma ya nyumba. Adui hakurudi tena, mizigo ikahamia kwenye reli na njia nyingine, na mfereji uliokusudiwa kubebea askari na baruti ukabaki kuwa wa watu wa matembezi. Tangu 2007 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na unaendeshwa na Parks Canada, idara ya hifadhi za taifa.

Neno “mfereji” linadanganya kidogo. Sehemu iliyochimbwa kwa mikono ni kama kilomita 19 tu. Kwingine kote ni mito na maziwa. By hakupoteza nguvu kuchimba kando ya maporomoko; alijenga mabwawa, maji yakapanda na kuyafunika, kisha pembeni ya kila bwawa akaweka loki. Loki ni chumba cha mawe chenye milango mikubwa mbele na nyuma. Boti huingia, milango hufungwa nyuma yake, maji huongezwa au hupunguzwa, na boti hupanda au kushuka mpaka usawa wa upande wa pili. Kwenye njia kuu kuna loki 45 katika vituo 23. Ukitoka Ottawa unapanda mita 83 kwa loki 31 hadi Upper Rideau Lake, ziwa la juu kabisa, halafu unashuka mita 50 kwa loki 14 hadi Kingston.

Hatua ya 1: Chagua kipande, acha tamaa ya mfereji mzima

Kosa la wengi ni kutaka kwenda Ottawa hadi Kingston na kurudi ndani ya wiki. Kwenda tu, bila kukimbizana, ni siku tano au sita. Ngazi ya loki nane za Ottawa peke yake hula saa moja na nusu. Utarudi umechoka kama aliyepakua mizigo bandarini.

Ushauri wangu ni kuanzia Smiths Falls, mji ulio karibu na katikati ya njia, na kwenda kusini kwenye maziwa. Utapita loki sita tu: Smiths Falls Detached, Poonamalie, Narrows, Newboro, Chaffeys na Davis. Hapo utakuwa umefika juu ya Jones Falls. Usishuke, loki za pale ni nne. Funga boti juu, shuka kwa miguu ukatazame, kisha geuza. Loki sita kwenda na sita kurudi, kwa siku sita au saba. Huo ndio mwendo wa starehe.

Wanaopenda miji, maduka na kahawa waende kaskazini, upande wa Merrickville. Mji mzuri, una ngome ndogo ya mawe ya zamani kando ya loki. Lakini upande huo ni mto na loki nyingi, na mimi ni mtu wa maziwa.

(Jina Poonamalie si la Kanada. Limetoka Poonamallee, karibu na Madras (leo Chennai) huko India, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa na kambi. Sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi hatupotei kabisa huku.)

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Loki hufunguliwa kuanzia wikiendi ya Victoria Day, katikati au mwishoni mwa Mei, hadi Sikukuu ya Shukrani ya Kanada katikati ya Oktoba. Baada ya hapo maji huganda, na pale Ottawa watu huteleza kwa viatu vya barafu juu ya mfereji ule ule.

Mei na Juni kuna mbu na vinzi weusi wasiojua haya. Julai na Agosti kuna joto zuri, na watu wengi. Ningekuwa na uhuru wa kuchagua, ningekwenda wiki ya kwanza ya Septemba: shule zimefunguliwa, maji bado yana uvuguvugu, na gatini unapata nafasi. Angalizo ni moja. Nje ya miezi ya kilele, hasa siku za katikati ya wiki, loki hufanya kazi saa chache zaidi. Angalia ratiba ya mwaka huo kabla hujakodi. Ukifika kwenye loki dakika tano baada ya kufungwa, umelala hapo.

Hatua ya 3: Boti na makaratasi

Kwa safari ya kulala majini, kodi boti yenye vyumba, jiko, choo na bafu. Kampuni ya Le Boat ina kituo Smiths Falls tangu 2018, na zipo nyingine ndogo kwenye maziwa. Kwa kawaida anayeendesha boti yenye injini Kanada anatakiwa awe na kadi ya uendeshaji. Kwa boti ya kukodi sheria inakubali kitu kingine badala yake: orodha ya usalama ambayo mwenye boti anaipitia pamoja nawe, mnaijaza na kutia saini. Usiipitie kama unavyokubali masharti ya programu ya simu. Uliza kila kitu. Omba uiendeshe mwenyewe akiwa kando yako, uiegeshe gatini mara tatu, uirudishe kinyumenyume mara mbili. Ona aibu hapo, siyo mbele ya loki watu mia wakikutazama.

Kupita loki kunalipiwa, na ada huhesabiwa kwa futi za urefu wa boti. Kufunga boti usiku kwenye kituo cha loki nako kuna kibali chake. Uliza kama vibali vimo ndani ya bei ya kukodi.

Wenye boti yao wenyewe wakumbuke vipimo: njia ina kina cha mita 1.5, na boti inayozama zaidi ya mita 1.2 iwasiliane na Parks Canada kwanza. Madaraja yasiyofunguka yana kimo cha mita 6.7 juu ya maji, kwa hiyo mwenye tanga alaze mlingoti. Jahazi la kwetu lingekwama kwenye daraja la kwanza.

Vitu vya kudai viwemo botini kabla hujaondoka: jaketi la kujiokolea kwa kila mtu, la saizi yake, mtoto asipewe la mtu mzima, kamba mbili ndefu, moja ya omo (mbele) na moja ya tezi (nyuma), mipira ya kinga ya kutosha pande zote mbili, upondo wenye ndoana, nanga yenye kamba yake, tochi, ramani za majini. Ramani ni namba 1512 kwa kipande cha Ottawa hadi Smiths Falls, na 1513 kwa Smiths Falls hadi Kingston. Simu inakusaidia, lakini kuna vipande ambavyo mtandao haushiki kabisa.

Hatua ya 4: Gawa kazi kabla ya kung'oa

Chombo hakina manahodha wawili. Mmoja ashike usukani, mmoja awe omoni na kamba, mmoja tezini na kamba, wa nne awe wa upondo na mipira. Watoto wakae sehemu moja wanayoijua. Kubalianeni maneno: “shika”, “legeza”, “achia”. Sisi tumeacha kusema “vuta”, kwa sababu kila mtu alikuwa akivuta.

Usukani una jambo moja la kuzoea. Gari hugeuka kwa magurudumu ya mbele. Boti hugeuka kwa tezi. Ukikata kushoto, tezi inafagia kulia, na kama gati liko kulia, umeligonga. Na boti haina breki. Punguza mwendo mapema, uiache ijiendee yenyewe, kisha tia kinyume kidogo kuisimamisha. Upepo ukiwa ubavuni, lenga juu zaidi kidogo upande unakotoka, kama anayevuka mto wenye mkondo.

Hatua ya 5: Kupita loki

Hapa nitakaa kidogo.

Unapokaribia kituo utaona gati lenye mstari wa rangi ya buluu. Kufunga boti kwenye mstari huo ni kusema: nataka kupita. Ukifunga kwingine wafanyakazi watadhani umekuja kupumzika, nao watakuacha upumzike. Subiri ishara, au mfanyakazi akuite. Mipira ya kinga ishushwe pande zote mbili, kwa sababu hujui utapangwa ukuta upi.

Ingia polepole, mwendo wa mtu anayetembea na mtoto. Kutani utaona waya nene zilizovikwa plastiki, zimening'inia kutoka juu mpaka chini. Mtu wa omo anapitisha kamba yake nyuma ya waya mmoja na kurudisha ncha mkononi. Mtu wa tezi anafanya vivyo hivyo. Zima injini. Zima jiko, sigara marufuku, moto wa aina yoyote marufuku. Mvuke wa petroli ndani ya chumba cha mawe si kitu cha kuchezea. Boti ya petroli ikimaliza kupita, washa feni ya kutoa mvuke kwenye ngama (chini kabisa ndani ya boti) kwa dakika nne kabla ya kuwasha injini.

Kisha tazama. Katika vituo vingi milango hufunguliwa kwa mikono hadi leo. Vya mitambo ni vitatu tu, na Newboro ni kimojawapo. Vijana wa Parks Canada huzungusha mpini wa winchi ya chuma, mnyororo unalia kra-kra-kra, na mlango wa mbao wenye uzito wa lori unasogea taratibu kama mtu anayeamka. Milango miwili hukutana kwa pembe, ncha ikielekea upande wa maji ya juu, hivyo maji yenyewe ndiyo yanayoibana. Hakuna komeo. Wakiwa hawana haraka, waombe mtoto azungushe mpini pamoja nao. Mara nyingi hukubali.

Ukiwa unapanda, maji huingia kwa nguvu na kuchemka mbele. Mtu wa omo ndiye mwenye kazi: kadiri boti inavyopanda, kamba inalegea, naye anaivuta isilegee. Akizembea, omo hutupwa katikati ya chumba na boti inakaa mshazari. Ukiwa unashuka ni shwari kabisa, na ndiyo maana kushuka ndiko kwenye hatari.

Safari yetu ya kwanza, kwenye loki moja ya kushuka, nilikuwa tezini. Maji yametulia kama ya mtungini, kijua kinawaka, mke wangu ananiuliza kama nataka chai. Nikaona kushikilia kamba ni kazi ya bure. Nikaizungusha mara mbili kwenye chuma cha kufungia na kukaza. Dakika mbili baadaye kopo la sukari likatelezeka mezani na kuanguka. Nikadhani ni wimbi. Kisha vikombe. Nikageuka: upande wangu wa boti ulikuwa juu, umening'inia kwenye kamba, na upande wa pili unashuka pamoja na maji. Kamba imekazika kama uzi wa gitaa, fundo halifunguki hata kwa jino. Kijana wa juu akapiga filimbi, wenzake wakafunga vilango vya kutolea maji, wakarudisha maji kidogo mpaka boti ikalala sawa. Hakuna aliyenigombeza. Shemeji yangu tu, mtoto wa Tanga aliyekua kwenye mashua za wavuvi, alikuja kunifungulia fundo huku akitikisa kichwa.

“Shemeji, kwenu chombo hufungwa hivi maji yakipwa?”

“Hapa hakuna kupwa.”

“Hapa ni bamvua la robo saa, shemeji.”

Bamvua ni maji makuu ya bahari, yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Sijasikia maelezo bora ya loki kuliko hayo. Kule nyumbani anayefunga mashua gatini maji yakiwa yamejaa huiachia kamba ndefu, la sivyo arudi aikute imetundikwa kama mbuzi buchani. Kwenye loki hiyo tofauti ya maji kujaa na kupwa unaipata ukiwa umesimama, kwa dakika kumi au kumi na tano. Kwa hiyo: kamba huzungushwa, hushikwa, huachiwa taratibu. Haifungwi. Kisu kiwe karibu, siyo ndani ya droo ya jikoni.

Maji yakilingana, milango inafunguliwa. Usiachie kamba mpaka uambiwe. Boti kubwa hutangulia, mitumbwi na kayaki hufuata. Ukitoka, nenda polepole. Kwenye vipande vilivyochimbwa mwendo wa juu ni kilomita 10 kwa saa, na wimbi lako linabomoa kingo na kupindua mtumbwi wa mwenzio.

Kuogelea karibu na loki na mabwawa ni marufuku. Juu ya bwawa maji huonekana yamelala, lakini chini yake yanavuta.

Hatua ya 6: Maboya, na pale Newboro yanapogeuka

Njia imewekewa maboya mekundu na ya kijani. Kanuni ni kwamba unapopanda kuelekea maji ya juu, mekundu yawe mkono wako wa kulia na ya kijani wa kushoto. Ukishuka, kinyume chake.

Sasa sikiliza. Kutoka Smiths Falls unapanda, hivyo mekundu ni kulia: Poonamalie, Big Rideau Lake, Narrows, Upper Rideau Lake. Ukifika loki ya Newboro umefika kileleni. Ukitoka upande wa pili unashuka kuelekea Ziwa Ontario, na kuanzia hapo mekundu yanakuwa kushoto. Wengi hutoka Newboro wakiwa wamefurahi, wanapiga picha, na kupita upande usio wao. Sisi tulibandika karatasi kwenye usukani: NEWBORO — GEUZA. Wakati wa kurudi, geuza tena.

Hili si la mapambo. Maziwa mengi ya kusini mwa Newboro yalipanuliwa au kuzaliwa na mabwawa ya By, na msitu uliofunikwa na maji haukuondoka wote. Nje ya njia kuna visiki na mawe chini ya maji kidogo. Pembeni kuna pia majani ya majini na mayungiyungi yanayojisokota kwenye rafadha (panga la injini). Ukihisi injini inanguruma bila boti kwenda, zima, rudisha kinyume kidogo kuyasokotoa. Usiingize mkono injini ikiwa inazunguka, hata kama shemeji anasema ameishikilia.

Hatua ya 7: Kuvuka Big Rideau

Baada ya Poonamalie maji hufunguka, na muda si mrefu unaingia Big Rideau, ziwa kubwa kuliko yote njiani. Ni refu, limelala kaskazini mashariki kwa kusini magharibi, na upepo wa magharibi ukilishika kwa urefu wake, mawimbi huwa ya kukera. Boti za kukodi zina ubavu mrefu na tumbo bapa, kwa hiyo hucheza.

Vuka asubuhi. Sisi hung'oa nanga saa moja na nusu, ziwa likiwa kioo, tukala kifunguakinywa njiani. Mchana wingu jeusi likijikusanya, tafuta ghuba nyuma ya kisiwa na usubiri. Radi za kiangazi huku hupita haraka, lakini hazibembelezi. Usijaribu kutia nanga katikati ya ziwa, kuna mahali kina ni zaidi ya mita 90 na kamba yako haitafika hata robo.

Ukiona ndege mweusi mwenye madoadoa meupe anapiga mbizi na kuibuka mbali, huyo ni loon. Usiku analia kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya maji. Mama mkwe alipomsikia mara ya kwanza alisoma dua.

Hatua ya 8: Kulala, kula na choo

Mahali pazuri pa kulala ni vituo vya loki vyenyewe. Wafanyakazi wakishaondoka jioni, panakuwa kimya, kuna nyasi, meza za nje na vyoo. Kukaa sehemu moja kuna kikomo, kwa hiyo soma kibao. Jioni watu wa boti mbalimbali hukutana hapo, na pilau ikiiva kwenye jiko la gesi hamtakosa wageni. Tulijifunza kupika sufuria kubwa.

Nunua chakula kingi Smiths Falls. Westport, kijiji kwenye kona ya Upper Rideau, kina duka na ni mahali pazuri pa kunyosha miguu. Baada ya hapo maduka ni machache.

Choo cha boti hukusanya uchafu kwenye tangi. Kuumwaga ziwani ni kosa mbele ya sheria, na ni aibu kwa watu wanaoogelea humo. Marina nyingi zina mashine ya kunyonya. Fanya hivyo katikati ya safari, usisubiri harufu ikukumbushe.

Pombe: Ontario inaruhusu kunywa botini ikiwa tu boti imefungwa au kutia nanga, na ina vitanda, jiko na choo vya kudumu. Ikiwa inatembea, hapana, na nahodha mlevi anashtakiwa kama dereva mlevi.

Anayetaka kuvua samaki akate leseni ya Ontario kwanza. Vaeni viatu vya maji, kwa sababu kome wadogo wenye milia wamejaa mawe ya chini na wanakata kama wembe. Na mkitembea kwenye majani marefu, suruali ndefu na kujikagua jioni: kupe wa huku hubeba ugonjwa wa Lyme.

Vituo vya kusimama

Narrows. Loki yenyewe hupandisha kiasi cha mita moja tu, unajiuliza ilijengwa ya nini. Jibu liko mbele, Newboro. Pale mwamba ulikuwa mgumu kuliko walivyodhani, na By, badala ya kuuchimba wote, aliamua kuinua maji. Akajenga bwawa na loki hapa Narrows, Ziwa Rideau likakatwa kuwa mawili, la juu na la chini.

Newboro. Simameni hapa hata nusu saa. Mkato mnaopita ni ule uliowashinda makandarasi, mpaka kikosi cha wahandisi wa jeshi kikaingizwa kuumalizia. Kilichowaangusha watu si mwamba peke yake. Ilikuwa malaria. Ndiyo, malaria, Kanada, nchi ya theluji. Mbu walikuwepo, vinamasi vilikuwepo, na kila kiangazi homa ilipiga kambi za vibarua, wengi wao Waayalandi na Wakanada wa Kifaransa. Inakadiriwa watu wapatao 1,000 walikufa kwenye ujenzi wa mfereji mzima, karibu nusu yao kwa homa hiyo. Kwinini ilikuwa ghali na ya wachache. Mimi niliyemeza klorokwini utotoni mpaka masikio yakavuma, nilisimama pale nikawaelewa kuliko nilivyotarajia.

Chaffeys. Kituo cha kunywa kitu baridi na kula aiskrimu. Kinakaa kwenye Ziwa Opinicon, ambako Chuo Kikuu cha Queen's kina kituo cha utafiti wa viumbe. Humu anaishi nyoka mweusi mrefu, mkubwa kuliko nyoka wote wa Kanada, asiye na sumu. Akikatiza njia, mpe njia. Hakuna haja ya fimbo.

Davis. Loki moja, nyumba moja ya mawe, msitu. Laleni hapa usiku wa tatu au wa nne.

Jones Falls. Fungeni boti juu ya loki na mshuke kwa miguu. Loki nne zinateremka kama mita 18 pamoja. Kisha fuateni njia ya msituni hadi bwawa: tao la mawe lenye kimo cha mita 18 hivi, lililopinda kuelekea maji, na lilipokamilika hakukuwa na bwawa refu kulipita Amerika Kaskazini yote. Lilijengwa porini, kwa ng'ombe, winchi na mikono. Mtu mmoja asimame ncha moja na mwingine ncha ya pili, mnong'one. Tao linabeba sauti. Kuna pia karakana ya mhunzi ya 1843, na akiwepo mhunzi moto unakuwa unawaka.

Hatua ya 9: Kurudi

Geuza Jones Falls siku ya nne, usichelewe. Upepo wa siku moja juu ya Big Rideau unaweza kukuweka ghubani mpaka jioni, na foleni ya wikiendi pale Newboro au Chaffeys inaweza kukula saa mbili. Hesabu nyuma kutoka loki ya mwisho: usiku wa kuamkia kurudisha boti, mwe mmeshapita Poonamalie, au mmelala hapo hapo kituoni mkisubiri ifunguliwe asubuhi.

Kabla ya kukabidhi, tangi la choo linyonywe kama mkataba unataka, jaza mafuta, piga picha pande zote za boti pamoja na mikwaruzo mliyoikuta. Kamba za omo na tezi zikunje, uzitundike zikauke. Yangu ya tezi bado ina alama pale nilipoifunga.